Tarumbeta Juu ya Jeneza la Rozendo

Tulimwacha Rozendo Barbosa ndani ya jeneza, mzima wa afya, kavaa suti nyeusi na pamba zimo puani, huku kengele kubwa ya parokia ikilia mlio wa mwanamume aliyefariki. Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, msomaji wangu, usihangaike. Hakuna aliyefariki. Na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Kerubina Quadros alikuwa amesimama penye mlango wa kikanisa cha Dandvaddo. Mkono mmoja ulishika rozari. Mkono wa pili ulikuwa ndani ya mfuko wa gauni, umefumbata leso, na ndani ya leso mlikuwa na meno ya bandia ya Rozendo.

"Nani kamwambia apige kengele?" Delsa alinong'ona. Delsa ndiye mwenye filamu, binti wa mjini Panjim, suruali imembana na nywele kakata kama mvulana.

"Hajaambiwa. Sakristani kaona jeneza linapita. Akiona jeneza, mkono wake unaenda kwenye kamba wenyewe."

"Akaambiwe aache."

"Kengele ya maiti haikatizwi, mwanangu. Nenda kajifiche, watu hao wanakuja."

Delsa akarudi mbio kwenye kiti cha kitubio, nyuma ya pazia, alikoificha kamera yake. Kamera kwenye kiti cha kitubio. Kerubina alikuwa amekataa katakata, halafu akakubali kwa sharti kwamba Delsa ajifunike kichwa.

Kwa nini mwanamke mcha Mungu, asiyekosa misa hata mvua ikishusha paa, afanye mambo kama haya? Kwa sababu alitaka kitu kimoja tu kabla hajazikwa yeye: aone jina la mumewe kwenye ukuta mweupe wa sinema.

Mumewe, Zeferino, alipuliza tarumbeta Bombay enzi za ujana wao, kwenye mahoteli ya wenye nazo na kwenye studio za sinema. Ule wimbo wa bandarini, ambao mpaka leo arusi haiishi bila kuuimba, una kipande cha tarumbeta katikati kinachomfanya hata bibi mwenye fimbo atikise bega. Aliyekipuliza ni Zeferino. Kwenye santuri limeandikwa jina la mwimbaji, jina la mtunzi na jina la mwenye kampuni. La mpuliza tarumbeta halipo.

Sasa huyu Delsa anatengeneza filamu ya nyimbo kwa lugha yetu ya Kikonkani, juu ya wapuliza jazi hao hao waliosahauliwa, na majina yao yatapita mwanzoni kwa herufi kubwa. Lakini wenye kipande kile wako wawili. Zeferino, ambaye hadai chochote, mkewe ndiye anayemdaia. Na Rozendo, mpuliza tarumbeta mwenziwe wa Bombay, anayedai kila apatapo sikio, hasa feni, ile pombe kali ya mabibo, ikishamfika kichwani.

Delsa akakata shauri. Atakayeweza kupuliza tarumbeta mbele ya kamera, jina ni lake.

Rozendo hana meno ya kupulizia. Zeferino anayo, lakini ana nadhiri. Binti yao Olinda alipougua homa ya matumbo akiwa mchanga, Zeferino alipiga magoti akamwahidi Mama Bikira: mtoto huyu akipona, tarumbeta yangu haitalia tena kwa dansi wala kwa starehe. Kanisani na mazishini, basi. Olinda akapona. Leo ni mama mtu mzima, anafanya kazi Maskati. Na Zeferino hajavunja neno lake hata siku ya arusi ya Olinda mwenyewe.

Kanisani na mazishini. Kerubina aliyageuza maneno hayo moyoni katikati ya rozari, Mungu amsamehe, na alipofika kwenye Salamu Maria ya mwisho, mazishi yalikuwa yamekwisha kupangwa.

Delsa alihitaji maiti kwa ajili ya filamu. Rozendo alikubali kabla hajamaliza kuombwa, maana aliambiwa kamera itamsogelea usoni. Meno alitolewa ili mashavu yabonyee. Ilikuwa jeneza lipite kimya kimya, Zeferino aitwe peke yake, apulize wimbo wa wafu, kamera imnase, kila mtu aende zake akale.

Halafu kengele ikalia.

Wa kwanza kufika alikuwa Klementina, dada yake Rozendo, na mwavuli mweusi ambao haukufunguka vizuri tangu aununue. Nyuma yake kitongoji kizima. Wengine walikuwa bado na mikono ya unga.

"Rozendo, ndugu yangu," Klementina alilia, akaliangukia jeneza. "Umeondoka bila kunirudishia sufuria langu la shaba."

"Alikuwa mtu mwema," akasema jirani mmoja.

"Mwema kitu gani. Lakini alikuwa wangu."

Ndani ya jeneza kitu kikakwaruza. Kerubina akakohoa kwa nguvu mpaka kikaacha.

"Kerubina," Klementina akamgeukia, macho mekundu, "alikufa saa ngapi?"

Hapa ujue jambo moja. Kerubina hasemi uongo. Hajasema tangu komunyo ya kwanza, na hakuwa tayari kuanza leo, tena mbele ya msalaba.

"Saa mimi sijaambiwa," alijibu.

"Alikuwa anaumwa?"

"Unamjua Rozendo. Siku gani aliamka bila kitu kinachomuuma?"

"Mbona mmemfunika? Mimi dada yake, nisimwone hata uso?"

"Mwenyewe alitaka hivyo. Alisema, msinifunue mpaka mwisho."

Na kweli alisema. Alimwambia Delsa.

Klementina akafuta pua. "Hata kufa kwake ana maringo."

Kerubina aliinama juu ya jeneza kama anayebusu mbao. Upande wa kichwani Delsa alikuwa ametoboa vitundu vya hewa.

"Wako wengi?" sauti ikauliza humo ndani, sauti laini ya mtu asiye na meno.

"Dandvaddo yote. Nyamaza."

"Wa kilabuni wamekuja?"

"Wamekuja. Nyamaza, Rozendo, nakuomba."

"Wamevua kofia?"

Hakuwahi kumjibu, kwa sababu watu waligawanyika na Padri Agapito akaingia, kanzu imefungwa vifungo vibaya, jasho shingoni.

"Kerubina. Nani kafa kwenye parokia yangu bila kuniita nikampake mafuta?"

"Watu wote hawa wanasema ni Rozendo, Padri."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema tumwombee Rozendo. Anahitaji sana."

Padri alimtazama. Ni padri mzee, amesikia maungamo ya Dandvaddo miaka na miaka, na anajua sauti ya mtu anayezungukazunguka. "Jana jioni nimemwona anatoka kilabuni anaimba."

"Hata mimi nilimsikia, Padri. Alikosea ubeti wa pili."

Jeneza likatikisika. Kidogo tu. Padri akakunja uso na kulitazama, na Kerubina akaanza litania kwa sauti ya juu kuliko kawaida yake. Watu wakaitikia, maana litania ikianza hakuna anayeuliza imeanzaje.

Walipofika katikati, sauti za nyuma zikakatika moja moja. Zeferino alikuwa amefika.

Alivaa koti lake jeusi, tarumbeta kaikumbatia kifuani ndani ya kitambaa cha mahameli. Kerubina hakuwa amewahi kuona macho ya mumewe yakiwa hivyo isipokuwa ile wiki ya homa ya Olinda. Furaha yote ya ujanja wake ikamkauka mdomoni.

"Mama Olinda. Kwa nini nisikie kwa kengele, kama mtu wa kupita?"

"Mambo yamekwenda mbio, Baba Olinda."

Zeferino akaweka kiganja juu ya jeneza. Wawili hawa walikuwa hawasemezani, kila mtu anajua, na kila mtu anajua sababu ni kipande kile.

"Rozendo, mpumbavu wewe," alisema polepole. "Nani tena atakumbuka tulivyolala mkeka mmoja kwenye nyumba ya watu wa kijiji chetu kule Bombay? Tulivyokula njugu chakula cha jioni, halafu tukaenda kuwapulizia matajiri wakila kondoo? Sasa nikimweleza mtu, atadhani nazua."



Zeferino akafungua mahameli. "Nitampulizia wimbo wake."

Watu wakavuta pumzi kwa pamoja.

Maana Dandvaddo ina desturi yake. Mpulizaji akifa, mpulizaji mwenziwe anamsindikiza kwa wimbo uliokuwa wake kuliko nyimbo zote. Wimbo ukishapulizwa juu ya jeneza la mtu, umekuwa wake. Hakuna bendi itakayoupiga tena, hata kwenye arusi, bila kwanza kutaja jina la marehemu. Kerubina aliijua desturi hii tangu anabebwa mgongoni. Baba yake mwenyewe alisindikizwa hivyo. Akaisahau. Alikuwa amemkodolea macho Zeferino na mdomo wa tarumbeta, asifikirie ni nani atakayekuwa amelala ndani ya sanduku.

"Pulizia wimbo wa wafu," alimnong'oneza mumewe. "Ule wa siku zote. Unatosha."

"Ule ni wa kila mtu. Yeye ana wake."

"Upi?"

"Mama Olinda. Unajua upi."

"Si wake ule. Ni wako. Wewe ndiye uliyepuliza, uliniambia mwenyewe."

"Nilipuliza, ndiyo." Zeferino alikuwa anaufuta mdomo wa tarumbeta kwa kidole gumba, taratibu, kama zamani. "Mimi nina wewe, nina Olinda, nina wajukuu wanaonitumia picha. Yeye alikuwa na nini? Madai yake tu. Aende nayo."

"Wimbo wa sinema ndani ya kanisa?" Padri aliuliza.

"Ni wimbo wa marehemu, Padri. Mazishini ni sala."

Padri akatazama dari. Desturi hii aliikuta.

Sasa mtazame Kerubina, msomaji wangu, na uniambie wewe ungefanyaje. Akinyamaza, kijiji kizima na kamera vitashuhudia kipande cha Zeferino kikikabidhiwa Rozendo milele, tena kwa pumzi ya Zeferino mwenyewe. Wala si hilo tu. Nadhiri ilisema mazishini. Haya si mazishi. Mumewe atapuliza dansi mbele ya kamera, atavunja ahadi ya maisha yake bila kujua, na atakayekuwa amemvunjia ni mkewe. Akisema, ataaibika mbele ya Padri na mbele ya mwanamume aliyemwamini hata kwenye chumvi ya mchuzi.

Kulikuwa na mlango mmoja tu umebaki. Aliinama tena kwenye vitundu.

"Rozendo. Amka."

Akasogeza mdomo karibu zaidi.

"Rozendo, imetosha, inuka useme uko hai."

"Mimi ni maiti," jeneza likajibu.

"Usinifanyie mzaha."

"Maiti haamki. Mwache apulize."

"Nitayatupa meno yako kisimani."

"Tupa. Mtu akiwa na jina lake kwenye sinema, atakula uji."

Kerubina akagonga mbao kwa ngumi.

"Unamgongea nini?" Klementina akauliza.

"Kwa ukaidi wake."

Aligeuka kumkabili mumewe, akafumbua mdomo. Ukweli ulikuwa umefika kooni, umebaki kutoka tu.

Tarumbeta ikalia.

Angeweza kusema. Mungu ni shahidi kwamba angeweza. Lakini hakuwa amekisikia kipande kile kwa mdomo wa Zeferino tangu akiwa msichana mwenye viatu vya kuazima, amesimama uani kwa hoteli ya Bombay upande wa jikoni, akimsikiliza kupitia dirisha la moshi. Kilianza chini, kikali kidogo, kama mtu anayemtania mwenziwe ngazini. Kikapanda. Jirani mwenye unga mikononi akafumba macho. Bibi mwenye fimbo akatikisa bega, akajikaza, akatikisa tena. Nyuma ya pazia la kitubio palikuwa na kitu kinang'aa, na kwa mara ya kwanza Kerubina hakujali kamera wala jina. Alitaka mzee wake amalize.

Kikapanda hadi pale juu kabisa, ambapo kwenye santuri roho inasimama. Zeferino akaishika ile sauti ya juu, akaiacha, akanyamaza pumzi nzima, kisha akaruka moja kwa moja hadi mwisho.

Ngo, ngo, ngo.

Watu wakatazamana.

Ngo, ngo.

Kifuniko kikainuka. Klementina akaanguka juu ya mwavuli wake, nao ukafunguka vizuri kwa mara ya kwanza. Sakristani akaikimbilia kengele, halafu akasimama katikati ya njia, maana hakuna mlio wa mtu anayerudi.

Rozendo Barbosa aliketi ndani ya jeneza, pamba puani, mashavu yamebonyea, kidole kimemnyooshea Zeferino.

"Siyo hivyo," alisema.

Akajishika ukingo wa jeneza.

"Pale mwisho umeruka. Pale pana tarumbeta ya pili. Wewe uko juu umeshikilia, mimi nakujibu huku chini, pa-ra-ri, pa-ra-ra, ndipo tunashuka wote. Miaka yote hii unajifanya ulikuwa peke yako studio. Nimevumilia kufa, nimevumilia kusemwa sufuria. Kipande kukosewa mbele yangu, hapana."

Angalia, msomaji wangu. Alibakisha kunyamaza kidogo tu, hata muda wa Baba Yetu moja, na jina lingekuwa lake mpaka mwisho wa dunia.

"Sikuruka," Zeferino akajibu. "Nilinyamaza hapo. Nilikuachia nafasi yako. Nilijua umekufa, hutajibu, ndiyo maana nikanyamaza."

Rozendo akazitoa pamba puani moja moja, akaziangalia, akazitia mfukoni.

"Hukuwahi kuniambia mlikuwa wawili," Kerubina alisema.

"Uliniuliza kama nilipuliza," mumewe akajibu. "Nikasema ndiyo."

Pazia la kitubio likafunguka. Delsa akatoka, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni, machozi hadi kidevuni. "Basi ni majina mawili," alisema. "Yote mawili, kwa herufi sawa. Na hii ndiyo itakayokuwa mwanzo wa filamu yangu, sikati hata..."

Akaishia hapo, kwa kuwa alimwona Padri.

Klementina alikuwa amekwisha simama. Alimpiga marehemu bega kwa mwavuli, akamkumbatia shingo, akampiga tena. "Sufuria langu liko wapi?"

"Lina nyama ya siki ndani. Njoo jioni."

"Ngojeni," Padri Agapito akasema, na hakupandisha sauti. "Nimeitwa kwa kengele. Nimeitikia litania. Nataka nijue. Hapa nani amekufa?"

Watu wote wakaangalia viatu vyao. Zeferino ndiye peke yake aliyeinua uso, na hakumtazama Padri, wala Rozendo, wala binti wa Panjim. Alimtazama mkewe, na kidogo kidogo Kerubina akaona anaanza kuelewa: kengele, jeneza lililofunikwa, kamera.

"Mama Olinda," alisema. "Haya yalikuwa mazishi?"

Kerubina hasemi uongo. Alitoa mkono mfukoni ili afanye ishara ya msalaba kwanza, apate nguvu, na leso ikatoka pamoja na mkono, ikafunguka. Meno ya Rozendo yakaanguka, yakaruka juu ya vigae na kutulia mbele ya kiatu cha Padri, yakitabasamu.

"Si mazishi," alisema Kerubina. "Ni mimi. Nilitaka jina lako lisomwe."

Zeferino aliifunika tarumbeta kwa mahameli. "Jina," alisema. "Mimi niliweka ahadi juu ya mtoto. Leo nimepuliza dansi, Kerubina. Niliweka ahadi juu ya Olinda."

Na hapo hapo, ndani ya mfuko ule ule uliokuwa na meno, simu ikaanza kuita.

Kerubina akaitoa. Kwenye kioo lilikuwa jina la Olinda. Olinda hupiga Jumapili, misa ikishaisha, kila Jumapili, tangu aende Maskati. Hajawahi kupiga siku nyingine.

Leo ilikuwa Alhamisi.

Simu iliita. Padri akavua miwani. Zeferino hakunyoosha mkono, na Kerubina kidole chake kilikuwa juu ya kioo hakishuki.

"Pokeeni basi," akasema marehemu.